Mtoto Akienda Kula Sikukuu

Ndugu msomaji, kumbuka asubuhi ya Noeli. Usiku ulikwenda misa ya mkesha. Umelala saa chache tu. Sasa umekaa jikoni, unachambua mchele. Mara unasikia sauti ndogo mlangoni:

"Hodi! Shikamoo, mama. Tumekuja kula sikukuu."

Unatoka. Wamesimama watoto sita au saba. Wawili unawajua, ni wa jirani. Mmoja ni wa nyumba ile iliyo karibu na kisima. Wengine huwajui kabisa. Wote wamevaa nguo mpya. Mmoja amevaa viatu vinavyombana, lakini hasemi, maana ni viatu vya sikukuu. Unawapa maandazi. Ukiwa na uwezo unawawekea sahani ya wali, wanakula pamoja. Wakimaliza wanasema asante, kisha wanakwenda nyumba ya pili.

Desturi hii ni nzuri. Siku ile mtoto wa mtu asiye na kitu naye hula nyama. Mtoto wa Mkristo hula kwa Mwislamu siku ya Idi, na wa Mwislamu hula kwa Mkristo siku ya Noeli. Watoto hujifunza kupiga hodi, kuamkia na kushukuru. Mimi nisingependa desturi hii iishe hapa Malangali.

Lakini nina swali. Wakati wewe unawapa maandazi watoto wa wenzako, mtoto wako mwenyewe yuko wapi?

Wengi wetu tutajibu, "Yuko na wenzake." Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike somo hili.

Si sisi peke yetu

Watoto wa mahali pengi huzunguka nyumba kwa nyumba. Kule Zanzibar, siku ya Idi, watoto huvaa nguo mpya na kwenda kwa ndugu na majirani. Hupewa fedha kidogo. Jioni huzipeleka katika viwanja vya sikukuu kununua vitu vya kuchezea na vya kula. Kule Omani watoto huzunguka usiku mmoja katikati ya mwezi wa Ramadhani. Huimba milangoni na kupewa peremende na karanga.

Marekani nako iko siku ya namna hiyo. Ni tarehe 31 Oktoba, jioni. Siku hiyo huitwa Halloween. Watoto huvaa mavazi ya kutisha, wengine huficha nyuso zao. Hupita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba huwapa pipi.

Nataka nikusimulie jambo moja la huko Marekani, halafu tutarudi nyumbani. Mwaka 1974, katika jimbo la Texas, mtoto wa miaka minane alikula pipi jioni ya siku hiyo, akafa. Ndani ya pipi mlikuwa na sumu. Nchi nzima iliogopa. Wazazi walisema kwamba jirani fulani anawaua watoto kwa pipi. Polisi walichunguza. Wakagundua kwamba aliyetia sumu ni baba wa mtoto mwenyewe. Alikuwa na madeni, naye alikuwa amemkatia mtoto bima ya maisha ili alipwe akifa. Mahakama ilimhukumu kifo mwaka 1975, na mwaka 1984 aliuawa kwa hukumu hiyo.

Hata hivyo hofu ya pipi za jirani haikwisha. Hadi leo wako wazazi huko wanaokagua kila pipi ya mtoto. Wakati wanakagua pipi, watoto wanauawa na kitu kingine. Wataalamu walitazama hesabu za vifo vya barabarani vya miaka 42, tangu 1975 hadi 2016. Walilinganisha jioni ya tarehe 31 Oktoba na jioni za kawaida za karibu na siku hiyo. Waliona hivi: kama jioni za kawaida hufa watu 100 wanaotembea kwa miguu, jioni ya Halloween hufa 143. Kwa watoto wa miaka minne hadi minane, hatari ilikuwa mara kumi.

Unaona, ndugu msomaji? Wazazi walikuwa wanatazama ndani ya mfuko wa pipi. Kifo kilikuwa kinapita barabarani.

Sisi tunaogopa nini?

Sasa turudi Malangali. Siku moja darasani niliwauliza wanakisomo: "Mtoto akienda kula sikukuu, wewe unaogopa nini?" Mama mmoja alijibu upesi kuliko wote. Alisema, "Mwalimu, mimi mwanangu nimemwambia, nyumba ile asile." Darasa lilinyamaza. Wengine waliinamisha vichwa, wengine walitabasamu. Kila mtu alielewa.

Mji wetu una sifa yake. Wenyeji husema jina Sumbawanga maana yake ni kutupa uchawi. Hapo zamani mgeni alikuwa anaambiwa, kama ana uchawi autupe kabla ya kuingia. Basi kama uchawi ulitupwa, hofu yake haikutupwa. Imebaki nasi, na siku ya sikukuu inatufanya tutazame sahani za majirani.

Sikubishana na mama yule. Nilimwuliza jambo jingine. Nilisema, "Mama, katika misiba ya watoto uliyokwenda, nje ya magonjwa, watoto wale walikufa kwa nini?" Alifikiri. Akasema, "Mmoja aligongwa na gari. Mmoja alitumbukia shimoni, shimo la maji." Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Kwa chakula cha jirani, sijaona."

Sisemi kwamba chakula hakina hatari. Nitafika huko. Lakini nataka tuanze na mambo yanayochukua watoto wetu kweli.

Barabara

Wazee wanaikumbuka barabara ya zamani ya kwenda Tunduma. Ilikuwa na vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Lori lilikuwa linakwenda polepole, na sauti yake ilisikika kutoka mbali. Mtoto alikuwa na muda wa kukimbia. Leo barabara hiyo ni lami. Lami imetuletea faida nyingi. Mgonjwa anafika Mbeya upesi, na mahindi yetu yanafika sokoni. Lakini gari la lami halisubiri.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Sekunde moja ni muda wa kutamka "mia na moja". Mtoto mdogo anayetembea huchukua sekunde kama saba kuvuka barabara ya lami. Zidisha 22 kwa 7. Unapata 154. Maana yake, mtoto anapoanza kuvuka, gari likiwa umbali wa mita 150 tayari litamfikia kabla hajamaliza. Mita 150 ni kama urefu wa uwanja mmoja na nusu wa mpira. Gari lililo mbali kiasi hicho, mtoto huliona kama kitu kidogo, akadhani ana muda.

Tena dereva hawezi kusimama papo hapo. Kwanza lazima amwone mtoto. Halafu akanyage breki. Halafu gari liserereke mpaka lisimame. Kwa mwendo wa kilomita 80, gari litakwenda mita 60 au zaidi kabla ya kusimama. Barabara ikiwa na maji litakwenda mbele zaidi. Na Noeli yetu huja wakati wa mvua. Ndiyo maana sheria inamtaka dereva asizidi kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Siku ya sikukuu wako wanaosahau sheria hiyo. Wengine wametoka kilabuni. Bodaboda naye hubeba watu watatu, na anageuka nyuma kuzungumza nao.

Mtoto aliye chini ya miaka kumi hawezi kupima vizuri mwendo wa gari. Si mjinga. Akili yake haijakomaa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo kumwambia tu "angalia magari" hakutoshi. Ni sawa na kumpa jembe la mtu mzima ukamwambia alime.

Mfundishe kwa vitendo, kabla ya sikukuu. Mchukue mpaka kando ya barabara. Simameni. Atazame kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Tunaanza kulia kwa sababu katika nchi yetu gari la upande wetu hutokea kulia. Kama hakuna gari, mvuke kwa kutembea, msikimbie. Anayekimbia huanguka. Asivuke mbele wala nyuma ya basi lililosimama, maana dereva wa gari jingine hamwoni. Akitembea kando ya barabara, apite upande wa kulia, ili magari ya upande huo yaje mbele ya uso wake.

Watoto wakiwa kundi kuna hatari moja ambayo wazazi wengi hawaijui. Mtazame sana mtoto wa mwisho. Wenzake wameshavuka. Yeye alikuwa anafunga kamba ya kiatu, au pipi yake ilianguka. Anainua macho, anaona ameachwa. Hapo hatazami kulia wala kushoto. Anatazama wenzake, anakimbia. Kwa hiyo wafundishe kuvuka kwa mstari wa ubavu kwa ubavu, wameshikana mikono, wote kwa mara moja. Wasivuke mmoja mmoja kama ng'ombe wanaokwenda majini.

Mashimo ya matofali

Tazama nyumba yako. Kama ni ya matofali ya kuchoma, udongo wake ulichimbwa mahali fulani. Shimo lile liko wapi sasa? Nadhani liko palepale. Wakati wa kiangazi watoto walikuwa wanacheza ndani yake. Walilijua kina chake, lilikuwa linawafika kifuani tu. Mvua zikianza mwezi wa Novemba linajaa. Mwezi wa Desemba maji yake ni ya rangi ya udongo, huoni chini. Kingo zake zinateleza kama sabuni. Mtoto anakwenda kunawa tope kwenye viatu vyake vipya, ili asigombezwe na mama. Anateleza.

Mtoto anayezama hapigi kelele. Watu wengi hudhani ataita, nao watasikia. Sivyo. Mdomo wake uko majini, hewa ya kuita hana. Dakika chache zinatosha. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama hata katika ndoo.

Shimo la maji huwezi kulihamisha. Lakini unaweza kulizungushia miiba, na ukishamaliza kufyatua matofali unaweza kulifukia. Kama shimo ni la mtu mwingine, mwambie. Akikataa, mpelekeeni habari mwenyekiti. Wala usione haya kwamba utaitwa mgomvi. Na siku ya sikukuu mwambie mtoto wako hivi: "Viatu vikipata tope njoo navyo nyumbani, sitakuchapa." Maneno hayo machache yanaweza kumwondoa kando ya shimo.

Kuhusu mvua, liko jambo moja zaidi. Uwanda wetu uko juu, nao una radi nyingi. Mvua ikianza kunguruma, watoto waingie katika nyumba yoyote iliyo karibu. Wasijifiche chini ya mti ulio peke yake. Radi hupiga kitu kirefu kilichosimama wazi, haitafuti jina la mtu.

Disko toto

Tarehe 1 Oktoba 2008 ilikuwa sikukuu ya Idi el Fitri. Mjini Tabora watoto walikuwa wamepewa fedha za sikukuu, kama ilivyo desturi. Wengi walikwenda kucheza muziki katika ukumbi wa disko. Waliingia watoto wengi kupita kiasi. Ndani kukawa na joto, hewa ikapungua, wakaanza kusongamana na kukanyagana. Watoto wapatao 20 walikufa.

Fikiri jambo hilo. Wale watoto walikuwa wametoka nyumbani wameoga, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo mpya. Mama zao walikuwa wanapika.

Ni vizuri kujua jinsi msongamano unavyoua. Si kukanyagwa peke yake. Ili uvute pumzi lazima kifua kitanuke. Watu wakibanana sana, kifua hakina nafasi ya kutanuka. Mtoto ni mfupi. Uso wake uko kwenye matumbo na migongo ya wenzake, na hewa ya pale chini ni kidogo. Anaweza kufa akiwa amesimama.

Tangu msiba ule, mara nyingi sikukuu zinapokaribia polisi hutangaza kwamba disko toto ni marufuku. Vijana hunung'unika. Wako hata wazazi wanaonung'unika. Hao ni wale wanaopenda watoto waende huko ili wao wapumzike. Mimi ninawaunga mkono polisi. Mtoto anataka kucheza ngoma? Acheze uani kwako, na majirani walete watoto wao. Redio inatosha.

Chupa ya soda

Nilisema nitafika kwenye chakula. Sumu inayowapata watoto siku ya sikukuu kwa kawaida haikutegwa na mtu. Iko ndani ya chupa ya soda.

Sisi ni wakulima. Katika nyumba zetu kuna dawa ya kuhifadhia mahindi, dawa ya kupulizia shamba, na dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kuna mafuta ya taa. Tunanunua kidogo kidogo, na tunatilia katika chupa yoyote tuliyo nayo. Chupa iliyo karibu ni ya soda au ya maji. Siku za kawaida mtoto wa nyumba anajua kwamba chupa ile pembeni si ya kunywa. Siku ya sikukuu wanakuja watoto wageni kumi. Wao hawajui. Wao wanajua kwamba leo ni siku ya soda.

Gongo nayo hutiwa katika chupa ya maji, na komoni hubaki ndani ya kopo chini ya kiti baada ya wazee kuondoka. Pombe kidogo kwa mtu mzima ni nyingi kwa mtoto. Anaweza kulala asiamke.

Kwa hiyo, siku moja kabla ya Noeli, zunguka nyumba yako. Kusanya chupa zote za namna hiyo. Ziweke juu, mahali penye kufuli. Kazi hiyo haizidi nusu saa.

Mtoto akinywa mafuta ya taa au dawa, usimtapishe. Mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia katika mapafu, na hapo hatari huongezeka. Mkimbize hospitali, na uichukue chupa ile ili mganga aone ni kitu gani. Mimi si daktari. Nina cheti cha elimu ya watu wazima tu, na hayo ndiyo wanayotufundisha watu wa afya.

Tena usimpe karanga wala pipi ngumu mtoto aliye chini ya miaka mitano. Humpalia. Mpe andazi laini.

Watu

Hapa nitasema wazi, kwa sababu kunyamaza kumetudhuru. Mwaka 2009 watafiti waliwauliza vijana wa Tanzania kuhusu mambo yaliyowapata utotoni. Ilionekana kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walitendewa uovu wa kijinsia kabla ya kufika miaka 18. Wengi walitendewa na watu wanaowajua. Si zimwi la porini.

Mfundishe mtoto mambo mepesi. Akipewa kitu, apokee akiwa mlangoni au ukumbini pamoja na wenzake. Asiingie chumbani kwa mtu, hata mtu huyo akiwa ni "mjomba". Asikubali kubaki nyuma wenzake wakiondoka. Mtu akimwambia, "Usimwambie mama," hilo ndilo la kumwambia mama kwanza. Na wewe, mama au baba, siku akikuambia, msikilize. Usimchape. Usiseme, "Unamsingizia mtu mzima." Mtoto hupima neno la kwanza utakalosema. Likiwa kali, hatasema tena.

Katika polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Pia kuna simu ya kusaidia watoto, namba 116. Kupiga ni bure.

Mtoto mwenye ualbino naye anataka kula sikukuu. Katika mkoa wetu huu wa Rukwa, mwaka 2015, mtoto wa miaka sita mwenye ualbino alikatwa mkono usiku akiwa nyumbani kwao. Hatuwezi kujifanya tumesahau. Lakini kumfungia ndani siku ambayo wenzake wote wako nje ni adhabu, na yeye hana kosa. Aende, na mtu mzima wa nyumbani aende naye, mguu kwa mguu. Avae kofia pana na nguo ya mikono mirefu, maana jua nalo humdhuru. Majirani wema wanaweza kupokezana kazi hiyo.

Mkabidhi kwa jina

Sasa nirudi kwenye lile jibu la "yuko na wenzake".

Mimi mwenyewe nimewahi kulisema. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Alitoka asubuhi na kundi la watoto wa mtaani. Saa kumi jioni wenzake walirudi, yeye hakuwamo. Nilimwuliza wa kwanza, akasema, "Alikuwa na wale wengine." Niliwauliza wale wengine, wakasema, "Tulidhani yuko na hawa." Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alidhani mwenzake anamtazama. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulizunguka tukiita mpaka jua likazama. Tulimkuta kwa bibi mmoja mzee, mbali na kwetu, amelala kwenye mkeka, kanga ya bibi juu yake. Alikuwa amechoka, wenzake wakaendelea. Bibi hakujua mtoto ni wa nani, na mtoto alijua jina la baba yake kuwa ni "Baba".

Tangu siku ile nafanya hivi. Mtoto wangu simkabidhi kwa kundi. Namkabidhi kwa mtoto mmoja mkubwa, wa miaka kumi na miwili au zaidi, mwenye akili. Namwita kwa jina lake mbele ya wenzake. Namwambia, "Wewe ndiye mkubwa wao. Mmetoka watano. Mtarudi watano." Kila wanapotoka nyumba moja, awahesabu. Mkubwa mmoja asipewe wadogo zaidi ya wanne. Akirudi nao wote, yeye hupata kipande cha nyama kikubwa kuliko wengine, na hujivuna mpaka Pasaka. Walio chini ya miaka mitano hawaendi na watoto wenzao. Hao huenda na mama, shangazi au dada mkubwa.

Mdogo kabisa ajue jina lake, jina kamili la baba au mama, na mtaa. Namba ya simu iandike kwenye kikaratasi, uitie mfukoni, au uiandike kwa kalamu ndani ya mkono wake. Ndugu msomaji, miaka michache iliyopita huenda usingeweza kuiandika namba hiyo. Leo unaweza. Iandike wewe mwenyewe.

Tajeni nyumba watakazokwenda, na msivuke barabara ya lami kama hakuna haja. Nyumba za upande wenu zinatosha kushibisha mtoto. Wapangie pia saa ya kurudi. Kwetu, mwezi wa Desemba, jua huzama baada ya saa moja. Lakini mawingu ya mvua huleta giza mapema, na ukungu ukishuka dereva haoni mtoto. Saa kumi na mbili kila mmoja awe amefika nyumbani.

Na wewe unayepokea watoto una kazi yako. Wakija, wahesabu kama unavyohesabu vikombe. Uliza, "Nani mkubwa wenu?" Kama hakuna mkubwa, usiwaache waendelee kuelekea barabarani. Wageuze kwa upole kuelekea kwao. Kama mbwa wako ni mkali, mfunge tangu asubuhi. Mafuta ya kukaangia maandazi yaepushe mbali na mlango wanapokimbilia.

Ikifika saa kumi na mbili na mtoto mmoja hayupo, usisubiri kula kwanza. Watu wawili wafuate njia aliyopita, nyumba kwa nyumba, na mtu mmoja aende moja kwa moja kwenye mashimo ya maji na barabarani. Mpeni habari mwenyekiti. Polisi wanapatikana kwa simu namba 112. Mtu mmoja abaki nyumbani, maana mara nyingi mtoto hurudi mwenyewe, akakuta mlango umefungwa, akaondoka tena.

Na kama saa ile amebaki kwako mtoto ambaye si wako, amelala kwenye mkeka na pipi mkononi, usimwamshe ukamwambia akimbie kwao. Mfunike. Mtume kijana apite akiuliza. Akipatikana mwenyewe, mbebe mgongoni umsindikize mpaka mlangoni kwao, upige hodi.